Si watoto wa senene: visenene wa bondeni Kyotera

Swali

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja huku Kyotera, Uganda, si mbali na mpaka wa Mutukula. Klabu yetu ya sayansi imekuwa ikipiga picha wadudu wa kijani wanaoishi kwenye nyasi za bondeni, mahali penye majimaji. Wanafunzi wanawaita "watoto wa senene", lakini mimi nimeona baadhi yao wana mabawa kamili na bado ni wadogo kuliko kidole changu cha mwisho. Tuna picha 5, na kwa macho yetu ni aina 5. Je, ni spishi gani hizi? Na ikitokea mmoja wao hana jina, huandikwaje hadi akakubalika?

Jibu

Marahaba, mwalimu. Nusu ya swali lako umekwisha kulijibu mwenyewe. Mdudu wa ukoo huu akishaota mabawa kamili amemaliza kukua. Hajivui tena ngozi, wala haongezeki hata milimita. Kwa hiyo huyo aliye mdogo kuliko kidole chako si mtoto wa mtu. Ni mtu mzima kwao, na huenda siku ulipompiga picha alikuwa ametoka kutaga.

Ila wanafunzi wako nao hawakupotea mbali, maana ni ndugu. Senene, yule wa kitoweo, ambaye kitaalamu anaitwa Ruspolia differens, yuko pamoja nao katika familia ya Tettigoniidae, tena katika tawi lile lile la wenye vichwa vilivyochongoka. Wengi wa hao wadogo ni wa jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Conocephalus, jina lililotungwa na Thunberg mwaka 1815 kwa maana ya kichwa cha koni. Duniani jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 100. Humu nitawaita visenene, ili tusitafunane ulimi kwa Kilatini kila mstari.

Kabla ya kuuliza ni kisenene gani, hakikisheni kwanza kwamba ni kisenene. Bondeni humo mna mchanganyiko. Panzi wa kawaida, yule anayetafuna majani ya mahindi mchana kweupe, ana vipapasio vifupi na vinene. Senene na ndugu zake wana vipapasio vyembamba kama uzi, virefu kuliko mwili wenyewe. Hilo huonekana bila lenzi. Yupo panzi mmoja, Acrida, ambaye kichwa chake kimechongoka kupita hata cha senene, na ndiye anayeniletea barua nyingi kuliko wote. Tazameni vipapasio vyake: vifupi, bapa, mfano wa panga. Huyo ni panzi tu, mwacheni aende zake. Masikio pia huwatenga. Panzi anasikia kwa ubavu, pale tumbo linapoanzia, lakini senene anasikia kwa miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, penye mianya miwili myembamba kama kovu la wembe. Wanafunzi hupenda sana jambo hili. Waonyesheni kwa lenzi na hawatalisahau kwenye mtihani.

Nyenje, yule mweusi au wa kahawia anayelia usiku nyuma ya jiko, naye ana vipapasio virefu. Huyo mtamjua kwa wayo wake wenye pingili 3, wakati wa kisenene una 4. Jike wa nyenje ana mrija wa kutagia ulio kama sindano ya kushonea magunia, na jike wa kisenene ana upanga bapa. Na dume wa nyenje hulaza bawa la kulia juu ya la kushoto. Dume wa senene na ndugu zake hulaza la kushoto juu.

Wamebaki wale wenye mabawa mapana kama jani la mpera, ambao huingia kwenye taa za veranda. Hao nao ni Tettigoniidae, ila wa tawi lingine. Mgeuzeni mdudu chali mtazame kifuani, kati ya miguu ya mbele. Kisenene ana miiba miwili midogo pale. Hao wa majani hawana. Upanga wa jike wao ni mfupi na umepinda kama mundu, ilhali wa kisenene umenyooka au umeinama kidogo tu.

Sasa nije kwenye picha zako. Nianze na ya pili, kwa kuwa ndiyo mliyoandika chini yake kwa furaha: "spishi yenye mabawa mafupi". Ikuzeni mtazame vile vibawa. Bawa la nyuma liko juu, limefunika la mbele. Huyo ni tunutu, yaani mtoto ambaye hajakomaa. Katika hatua mbili za mwisho kabla ya kukomaa, vibawa vya wadudu hawa hukaa vimegeuka, la nyuma juu na la mbele chini. Siku ya kujivua ngozi ya mwisho ndipo vinarudi mahali pake. Mtu mzima mwenye mabawa mafupi ana bawa la mbele juu daima, na kama ni dume, kwenye shina la bawa hilo mtaona sehemu ngumu yenye mishipa iliyokunjamana, ambayo ndiyo ala yake ya kulilia. Tunutu hana ala, kwa hiyo halii.

Usione haya kwa kosa hilo. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilikaa siku 3 nikiwa na hakika kwamba nimepata spishi mpya yenye mabawa mafupi mno. Nilishaitafutia hata jina, la mama yangu. Siku ya 4 nilifungua chupa nikakuta ngozi tupu, na pembeni yake mdudu wa kawaida kabisa ananyoosha mabawa yake marefu. Mama hakuwahi kuambiwa.

Kwa hiyo aina 5 zimeshakuwa 4. Picha ya tatu ni senene mwenyewe, yule yule wa kwenye gunia. Najua kwa nini mmemtenga: ana rangi ya zambarau mabegani, nanyi mmemzoea wa kijani. Lakini senene mmoja huyo huyo huja katika rangi 6: kijani, kahawia, kijani chenye mistari ya zambarau, kahawia yenye mistari ya zambarau, na mbili nyingine ambazo zambarau imetapakaa juu ya kijani au juu ya kahawia. Ukichota kikombe kimoja sokoni Masaka wakati wa msimu unaweza kupata kadhaa kati ya hizo ndani yake. Hakuna anayeuza kwa kusema hizi ni aina tofauti za kitoweo!

Na hapo ndipo penye shina la jibu langu. Rangi ndiyo kitu cha kwanza jicho linachokiona, na katika wadudu hawa ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Kijani hugeuka kahawia ndani ya spishi moja. Mdudu akifa, kijani chake hugeuka njano ya majani yaliyooza. Urefu wa mabawa nao si wa kutegemea peke yake, maana zipo spishi ambazo baadhi ya watu wake huwa na mabawa mafupi na wengine marefu. Uingereza yupo Conocephalus mmoja ambaye, alipokuwa akisambaa kuelekea kaskazini, alionekana akitoa watu wenye mabawa marefu kupita kawaida, wale hasa waliokuwa mstari wa mbele wa safari hiyo. Angetokea mtu wa kutazama mabawa tu, angewapa majina mawili.

Basi tutazame nini? Mkia wa dume.

Mwisho wa tumbo lake dume ana vikoleo viwili vifupi, kimoja kila upande. Anapopandana na jike huvitumia kumkamata, na kila spishi imekuwa na vikoleo vyake vya umbo lake. Katika Conocephalus kila koleo lina jino upande wa ndani. Ulizeni hivi: jino ni moja au mawili? Limeota karibu na shina, katikati, au karibu na ncha? Limenyooka au limepinda kama ukucha wa paka? Ncha ya koleo lenyewe ni ya duara, bapa, au imechongoka? Mkishajibu hayo mmeshapunguza orodha kutoka dazeni hadi moja au mbili. Lenzi ya mara 10 inatosha, na hata simu ikiwekwa juu ya lenzi hiyo hutoa picha nzuri. Pigeni kwa juu kabisa, mgongo ukiwa sawasawa, kisha kwa ubavu. Picha ya ubavu wote wa mdudu akiwa juu ya jani inapendeza ukutani, lakini mara nyingi haimpi mtu jina.

Jike ni mgumu zaidi. Kwake tunapima urefu wa upanga tukiulinganisha na paja la mguu wa nyuma, tunatazama kama umenyooka au umepinda, kisha tunatazama bamba dogo lililo chini ya shina la upanga huo. Hata hivyo mara nyingi tunalazimika kusema jike huyu ni wa dume yule kwa sababu walikutwa kwenye kichaka kimoja, na ushahidi huo ni dhaifu. Ndiyo maana picha yenu ya tano, jike mzuri mwenye upanga mrefu na mabawa yasiyo na doa, siwezi kuipa jina. Ni Conocephalus bila shaka. Afrika kuna kadhaa wasio na madoa, kati yao Conocephalus conocephalus, aliyetajwa na Linnaeus tangu 1767, na Conocephalus iris wa Serville wa 1838. Nileteeni dume wake.

Picha ya kwanza ni nyepesi. Ana mstari mpana wa rangi nyeusi-kahawia kuanzia utosini hadi mwisho wa ngao ya shingo, lile bamba lililo nyuma ya kichwa, na juu ya mabawa kuna safu ya vidoa vyeusi kama vile mtu amegusagusa kwa ncha ya kalamu. Huyo ni Conocephalus maculatus, na jina lake la pili kwa Kilatini ni "mwenye madoa". Le Guillou alimwandika mwaka 1841, na tangu hapo ameonekana kuanzia Afrika, kupitia Asia, hadi Australia. Ni mdudu wa nyasi za kando ya maji na mashamba ya mpunga, na anapenda kula maua na mbegu changa za nyasi kuliko majani yenyewe. Usishangae ukimkuta pia anatafuna mdudu mdogo. Visenene wengi hawachagui. Katika mashamba ya mpunga ya Asia, ndugu yake Conocephalus longipennis anajulikana kwa kula mayai ya nondo ambao viwavi wao hutoboa mashina ya mpunga. Mkulima akimwona anapiga dawa, hajui amemuua mlinzi.

Hapa nimekiuka maneno yangu, utasema: nimetoa jina kwa kutazama rangi. Kweli. Madoa yale ni kati ya alama chache za rangi zinazoaminika, na bado ningefurahi kuona mkia.

Imebaki picha ya nne. Nimeiangalia zaidi kuliko nyingine zote. Dume mdogo, mabawa mafupi, na bawa la mbele liko juu, kwa hiyo ni mtu mzima. Ngao yake ya shingo imerefuka nyuma na kuvimba kidogo, ikayafunika hayo mabawa kama kofia iliyoteremshwa machoni. Sura hiyo huonekana kwenye kundi la visenene la hapa hapa Afrika, lenye jenasi kama Karniella na Phlesirtes. Wengi wao hawawezi kuruka kabisa. Na mdudu asiyeruka huishi alipozaliwa: bonde likitengwa na bonde jingine kwa msitu au kwa mlima, baada ya muda mrefu wa huku na wa kule wanakuwa watu tofauti. Kwenye milima ya Afrika Mashariki jambo hili limezaa spishi nyingi, kila moja na eneo lake dogo. Mwaka 2010 Claudia Hemp na wenzake walilipitia upya kundi la Phlesirtes kwa kuunganisha maumbo, vinasaba, kromosomu na sauti, kwa kuwa umbo peke yake lilikuwa limewachanganya waliotangulia.

Sauti, basi. Dume hulia kwa kusugua bawa juu ya bawa. Chini ya bawa la kushoto kuna mshipa wenye meno kama msumeno, na ukingo wa bawa la kulia hukwaruza meno hayo. Kila spishi ina mpigo wake, na mara nyingine madume wawili wanaofanana kama sarafu mbili hutofautishwa na mlio tu. Tatizo ni kwamba visenene wengi hulia juu sana, sehemu kubwa ya sauti ikiwa juu ya kilohezi 20, ambapo sikio la binadamu limeshafika mwisho. Tunachosikia ni mabaki: msisimko mwembamba kama hewa inayotoka kwenye tairi la baiskeli. Wanafunzi wako watausikia kuliko wewe, na wewe kuliko mimi, maana sikio huanza kupoteza sauti za juu kadiri umri unavyosogea. Mkisimama wote bondeni, mwanafunzi akasema "huyo hapo analia" nawe husikii kitu, mwamini.

Simu haisaidii sana hapa. Nyingi hurekodi mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na chombo hakiwezi kunasa sauti iliyo juu ya nusu ya kiwango chake, yaani kilohezi 22 au 24 hivi. Wataalamu hutumia vinasa sauti vilivyotengenezwa kwa ajili ya kunasa milio ya popo. Mkiwa na simu tu, rekodini hata hivyo, kwa sababu mpangilio wa mlio utaonekana: je, ni mfululizo usiokatika, au ni vipande vyenye mapumziko? Andikeni joto la hewa pale pale, maana mdudu huyu hana joto lake mwenyewe. Kukiwa baridi hulia polepole na kukiwa joto hulia haraka. Rekodi isiyo na joto ni nusu rekodi.

Kuwakamata kuna ujanja wake. Kisenene akikuona hajirushi mara moja kama panzi. Huzunguka shina la nyasi akakaa upande wa pili, amejilaza, vipapasio vimenyooshwa mbele, ukadhani ni jani. Pelekeni mkono wa pili nyuma ya shina. Atazunguka tena kurudi upande wenu, aingie kwenye chupa mwenyewe. Kwa wingi tumieni wavu wa kitambaa kigumu mfagie juu ya nyasi, umande ukishakauka. Usiku, kuanzia saa 1 hadi saa 4, tembeeni na tochi ya kichwani, maana wakati huo madume hupanda juu ya mashuke ya nyasi.

Chukueni wachache. Madume 3 au 4 na majike 2 au 3 wa kila sura wanatosha kuonyesha kama tofauti ni ya mtu au ya ukoo. Mdudu mmoja peke yake hawezi kukuambia hilo. Kwanza mpigeni picha akiwa hai, kwa sababu ya rangi, kisha alale kwenye friza usiku kucha. Mwenye duka la soda jirani na shule huwa hakatai, ila funikeni chupa vizuri na mwandike juu yake. Kateni mguu mmoja wa kati mkauweke kwenye spiriti kali isiyo na rangi, ya asilimia 96, kwa ajili ya vinasaba. Mwili mchomeni pini upande wa kulia wa nyuma ya ngao, ili upande wa kushoto ubaki mzima, na mkauke kivulini penye upepo.

Kisha sisimizi. Nilipoteza kisanduku kizima cha kazi ya mwaka mmoja kwa usiku mmoja, katika chumba ambacho niliambiwa hakijawahi kuonekana hata sisimizi. Asubuhi nilikuta pini zimesimama wima, kila moja na lebo yake, bila mdudu hata mmoja. Tangu siku hiyo miguu ya meza yangu husimama ndani ya makopo ya maji yenye tone la mafuta ya taa.

Lebo zile zilibaki, nikajifunza kuziheshimu. Mdudu asiye na lebo ni pambo tu. Andikeni nchi, wilaya, kijiji, vipimo vya mahali kutoka kwenye simu, urefu kutoka usawa wa bahari, aina ya nyasi, jina la aliyekamata, na tarehe. Tarehe iandikwe na jina la mwezi. Msiandike 4/11. Mwingine atasoma tarehe 4 Novemba, mwingine 11 Aprili, na kwa bahati mbaya senene wetu huja misimu yote miwili, Aprili hadi Mei na Novemba hadi Desemba, kwa hiyo hakuna atakayegundua kosa. Tumieni penseli, wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka ukigusa spiriti.

Mahali pa kukusanya nako kuna sheria. Kwenye shamba la mzazi aliyekubali, klabu ya shule haina shida ya kujifunza. Mkiingia hifadhi ya wanyama mnahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori, na msitu wa hifadhi uko chini ya Mamlaka ya Misitu. Kazi ikigeuka utafiti wenyewe, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia linahusika. Na msimtumie mtu wa ng'ambo wadudu kwa posta hata akiomba kwa upole. Sampuli kutoka nje ya nchi zina vibali vyake.

Sasa, kama yule wa nne hana jina. Kazi kubwa ya kuandika spishi mpya huwa ni kuthibitisha kwamba hakuna aliyekwisha kuiandika. Visenene vya Afrika viliandikwa kwa zaidi ya karne moja na watu waliokaa Paris, Vienna, Berlin na London, mara nyingine kwa mistari minne ya Kilatini bila mchoro. Heinrich Karny wa Vienna aliwapitia wote mwaka 1907, na ndiye ambaye Karniella imepewa jina lake mwaka 1914. Majina nayo yamehamahama. Vitabu vya zamani vinawataja visenene kama Xiphidion, yaani upanga mdogo. Senene wetu mwenyewe, ukisoma maandishi ya miaka ya 1950 na 1960 kutoka Uganda, utamkuta anaitwa Homorocoryphus, tena akichanganywa na spishi ya Ulaya, nitidulus. Mtu anayetafuta "Ruspolia" tu hatayapata maandishi hayo, atadhani wazee hawakumsoma senene. Walimsoma sana. Siku hizi orodha ya dunia nzima ya panzi na ndugu zao iko wazi kwenye intaneti, na inaonyesha majina yote ya zamani na makumbusho inamokaa sampuli ya kwanza ya kila spishi.

Sampuli hiyo ya kwanza ndiyo holotaipu, mdudu mmoja anayebeba jina. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinasema kwamba jina lolote la spishi lililotolewa baada ya 1999 ni lazima litaje holotaipu au sampuli nyingine za namna hiyo, na liseme zinahifadhiwa wapi. Kwa visenene mchagueni dume, kwa sababu mmeshajua mkia wake ndio unaosema. Asikae kwenye kabati la shule. Makerere wana makumbusho ya zoolojia, na Nairobi kuna mkusanyo mkubwa wa wadudu katika Makumbusho ya Taifa. Kwa kulinganisha mtafika kote kuwili.

Maelezo yenyewe huandikwa kwa utaratibu: kichwa, ngao, mabawa, miguu na idadi ya miiba chini ya paja la nyuma, mkia wa dume kwa mchoro, bamba na upanga wa jike, vipimo vya kila mdudu kwa milimita, kisha meno ya ule msumeno wa bawa la kushoto, yahesabiwe na safu yake ipimwe. Lakini aya ninayoisoma kwanza ninapopewa kazi ya mtu niikague ni ile inayosema spishi hii inatofautianaje na ndugu zake wa karibu. Akiandika "ina rangi nzuri zaidi" narudisha karatasi. Akiandika kwamba jino la koleo liko theluthi ya mwisho, ilhali kwa ndugu yake liko katikati, na kwamba ameliona hivyo kwa madume 6, navuta kiti.

Vinasaba vinasaidia, hasa kipande cha kijeni cha COI chenye herufi 658 ambacho dunia nzima hulinganisha. Ila katika panzi na ndugu zao kipande hicho kina mtego: nakala bandia zake zimejificha ndani ya kiini cha seli, na mashine ikisoma nakala badala ya asili unapata "spishi" ambayo haijawahi kuruka wala kulia. Kwa hiyo vinasaba vikipingana na mkia, rudini maabara kwanza.

Kwa klabu yenu, hatua ya sasa ni ndogo kuliko hayo yote. Rudini pale pale mlipompiga yule wa nne, kwenye nyasi zile zile, mtafute madume wengine na hasa jike. Nitumieni picha za mikia kwa juu na kwa ubavu, na moja ya ngao ya shingo kwa ubavu. Mkiweza, nendeni kabla ya Novemba. Taa za mitego ya senene zikishawashwa huko kwenu, wavu utajaa kitoweo kabla hamjafika kwenye nyasi, na sidhani kama kuna mwanafunzi wa Kyotera atakayekubali kukimwaga.